Viti vya Ulaya Ndogo

Jumatatu, 2 Juni

Miraji wa mgahawa wa ng'ambo katoa viti nje! Vinne, vya plastiki, vyekundu, juu ya njia ya waenda kwa miguu, kana kwamba babu yake ndiye aliyemwaga zege pale. Wateja wangu watatu wa chai wamevuka barabara kwenda kuota jua kwake. Mimi nimebaki ndani na nzi.

Mke wangu Evodia anasema watu wamefuata supu ya Miraji, si viti. Evodia hajui biashara. Yeye ndiye anayepika, ni kweli, lakini kupika ni kitu kingine. Nimeona picha kwenye simu: wazungu wanakula kando ya barabara, wamevaa miwani ya jua, mbwa kalala chini ya meza. Hakuna anayewafukuza. Kesho naanza. Na kibao kinabadilika. Si Mgahawa wa Gasto tena. ULAYA NDOGO!

Jumanne, 3 Juni

Meza mbili, viti vinane. Ushindi! Saa nne vyote vimejaa. Mmoja alikuwa mzee anayesubiri gari la kurudi kwao Mwankoko tu, lakini mpita njia hajui hilo.

Miraji kaona. Kaongeza viti viwili na kitambaa cha meza. Nikaongeza meza ya tatu. Akatoa redio. Nikatoa kabati la maandazi. Kufikia saa nane njia ilikuwa imekwisha, pande zote mbili, watu wanapishana na bodaboda katikati ya barabara. Bibi Luciana, mkunga mstaafu wa mtaa wetu, alisimama na fimbo yake akauliza apite wapi. Nikamwamkia shikamoo, nikamwonyesha barabara. Kwa adabu kabisa. Kwa mikono miwili.

Jumatano, 4 Juni

Nimenunua mwamvuli mkubwa wa mezani. Ulaya bila mwamvuli si Ulaya. Nilisahau jambo moja: hapa ni Singida, na huu ni mwezi wa sita. Saa tano upepo ukaja, ukaondoka na mwamvuli, chapati na chai ya mwalimu Benson. Chai ilimwagika. Chapati zilianguka. Mwamvuli haukuanguka. Ulivuka barabara ukiwa umefunguka vizuri, ukatua wima katikati ya viti vya Miraji. Wateja wake wakapiga makofi.

Nilikwenda kuudai. Akasema yeye hajui mwamvuli wa mtu, huu kaletewa na Mungu. Sasa ana viti na kivuli!

Haidhuru. Mawe hatuna shida nayo mji huu. Nimeviringisha jiwe kutoka nyuma ya nyumba, mimi na wapagazi watatu wa stendi, nikaifunga meza kwa kamba hapo. Upepo hauliwezi. Sisi pia hatuliwezi. Evodia anauliza litaondokaje. Haliondoki! Ndiyo maana ya jiwe.

Alhamisi, 5 Juni

Mtendaji wa mtaa, Bi Janeth, kaja na daftari. Watu wamelalamika. Lakini nilikuwa nimejiandaa. Nikamkalisha meza ya jiwe, nikamwekea paja la kuku wa kienyeji na ugali wa moto. Mtu aliyeshiba haandiki.

Alikula taratibu. Akanawa. Akamsifu mpishi. Akalipa kila kitu, akakataa hata punguzo. Kisha akaazima peni yangu. Kaniandikia onyo juu ya meza yangu, kwa peni yangu, huku anachokonoa meno kwa kijiti changu. Siku tatu niondoe kila kitu.

Kilichoniuma zaidi: Miraji kapewa onyo lile lile bila kuhangaika na paja.

Mkakati mpya: madebe ya maua mbele ya viti. Nikiulizwa, hii ni bustani. Nani anabomoa bustani?

Ijumaa, 6 Juni

Sijui nianzeje.

Asubuhi Bibi Luciana alikuwa anakwenda kanisani. Upande wangu jiwe na madebe. Upande wa Miraji viti na mwamvuli. Akashuka barabarani. Bodaboda ikachomoka nyuma ya lori la vitunguu. Kijana akamkwepa, lakini Bibi alishtuka, akarudi nyuma, na mguu ukaingia katikati ya madebe mawili ya maua. Madebe yangu. Nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu kikivunjika.

Miraji alifika kabla yangu. Tukambeba juu ya kiti chake mpaka kwenye bajaji. Nilikuwa nalia, narudia tu nisamehe Bibi, nisamehe. Akanitazama, uso umelowa jasho la maumivu.

"Gasto, mimi ndiye niliyemzalisha mama yako. Ulitanguliza makalio. Mpaka leo ndivyo unavyokwenda."

Miraji akacheka. Bibi akamgeukia.

"Na wewe unacheka nini? Wewe ulitoka umelala, tukakuchapa ndipo ukaamka."

Kifundo cha mguu kimevunjika. Tulikaa kwenye benchi la hospitali, mimi na Miraji. Halafu akasema mama yake naye hupita pale. Nikasema hata wangu.

Jumamosi, 7 Juni

Tumeondoa vyote. Miraji kaniletea mwamvuli mwenyewe, kaukunja vizuri. Jiwe lilitaka wanaume saba na maneno ya Kinyaturu ambayo siyaandiki hapa. Nilikuwa nimesahau njia yenyewe ilivyo pana. Mama mmoja kapita na mtoto mgongoni na beseni kichwani, hakusimama, hakugeuka. Nilijisikia mtu mwema.

Jioni mimi na Evodia tulimpelekea Bibi mchuzi wa kuku. Kaniapisha, mkono juu ya Biblia yake, kwamba sitamzibia njia tena. Nikaapa kwa moyo wote. Evodia alilia. Na mimi, kidogo.

Jumatatu, 9 Juni

Bi Janeth kapita kukagua. Kanipa mkono mbele za watu. Eti mimi ni mfano wa mtaa!

Wateja: wawili, wote ndani. Mmoja kauliza pale pa kuota jua pamekwenda wapi.

Mchana nimekwenda kumjulia hali Bibi. Mguu uko juu ya mto, plasta mpaka gotini. Anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Daktari kasema asitoke nje wiki sita.

Wiki sita!

Nimerudi polepole, nikifikiri. Niliapa sitamzibia Bibi Luciana njia. Na Bibi Luciana hapiti. Nimemweleza Evodia jambo hili kwa utaratibu, hatua kwa hatua. Kanifungia mlango wa jikoni.

Basi nikatoa meza peke yangu. Moja tu, ndogo. Nilipoinua kichwa nikamwona Miraji ng'ambo, kasimama mlangoni kwake, kiti kila mkono, ananitazama. Naye leo alikwenda kumjulia hali Bibi.