Siku Nne Zaidi Luanda Kotieno

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimefika. Kazi: kupima mabomba ya kiwanda cha barafu. Kihisi changu kipya ni laini, kinajikunja kwenye kona ya bomba kama chapati. Kinapeleka sauti ndani ya chuma, mwangwi unarudi, nyufa zinajulikana bila kukata kitu. Mathews, fundi wa kiwanda, amekiita plasta ya kidonda. Wivu!

Mchana nimekula samaki aina ya ngege kwa Mama Benta, mwenye hoteli karibu na maji. Ameniuliza nimelalaje. Kule chumbani kwangu mtaa wa Manyatta, Kisumu, sijaulizwa hivyo tangu Januari.

Jumanne, 10 Juni
Balaa. Mabomba yote mazima. Kesho nirudi Kisumu. Kwa nani?

Jumatano, 11 Juni
Akili imenijia. Bila jeli kati ya kihisi na chuma, sauti haipenyi. Nimepaka jeli nusu tu. Mwangwi ukapotea, utadhani bomba lina ugonjwa! Nimeandika: kona ya tatu inashukiwa, uchunguzi uendelee siku nne. Nani ameumia? Nimekula ngege mara mbili.

Alhamisi, 12 Juni
Meneja Ankit hakungoja siku nne. Amesema gesi ya amonia iliyomo mabombani ni sumu, haina mzaha, akazima mitambo, akamwamuru Mathews akate ile kona. Ndani safi kabisa. Mathews amenikabidhi kipande, akarudi kufagia vumbi la chuma. Heri angecheka. Bomba la kubadilisha linatoka Nairobi, litafika wiki ijayo.

Ijumaa, 13 Juni
Hakuna barafu ufuo mzima. Nimemkuta Mama Benta akimwaga samaki, kreti tatu, hoteli imefungwa. Nilikuja kuungama. Nikasema pole.

"Si makosa yako, Baba," akaniambia. "Wewe ulikuwa unafanya tu kazi."

Nimeona aibu mpaka masikio. Hata hivyo sikuungama.

Jumatatu, 16 Juni
Manyatta. Bosi wangu amenisimamisha kazi wiki mbili kwa ile ripoti. Tangu jana sijasema na mtu, ila nilimwambia wa maziwa asante. Nimempigia Mama Benta. Ameuliza ni nani. Nimesema Ooko. Ameuliza Ooko gani. Kumbe sikuwahi kumwambia jina! Nikakata simu.

Nimefikiri sana. Kosa langu liko wazi: siku nne zilikuwa chache. Nimemwandikia Meneja Ankit kwamba bomba jipya halijapimwa na mtu, na kwamba napendekeza ukaguzi wa siku kumi. Nauli nitajilipia.