Chuma cha Kitanda cha Bibi

Jumatatu, 3 Machi
Mjomba kachoka mgongo. Ijumaa atakabidhi ufunguo wa gereji: kwangu, au kwa binamu yangu tunayemwita Spana. Mtihani wangu ni gari la mwalimu mkuu. Nibadilishe mpira unaoshikilia injini. Spana kapewa breki za lori. Breki! Mimi nimesoma fizikia miaka minne.

Jumanne, 4 Machi
Ukifungua mpira ule, injini haina cha kuishika. Lazima uining'inize kutoka juu, kwa chuma kirefu kinachokatiza juu yake, mnyororo na ndoano. Chuma cha gereji Spana kaondoka nacho kwenda kwenye kazi ya nje hadi Alhamisi. Mjomba kasema nisubiri, haraka haraka haina baraka. Nikasema nimeelewa.
Nimepima vyuma vyote vya nyumbani. Kinafaa kimoja tu. Bibi anakilalia.

Jumatano, 5 Machi
Bibi kaenda kliniki. Nimekitoa. Mahali pake nimefunga fagio mbili kwa kamba. Na imani.
Injini ikaning'inia! Nikafungua mpira. Machozi yalinilenga. Mahesabu hayadanganyi.
Mahesabu hayakutaja bati. Ncha za chuma nimezilaza juu ya bati jembamba la pembeni mwa gari, si kwenye ukingo mgumu wa bodi. Saa tisa likaanza kubonyea, pande zote mbili, kama mto uliokaliwa. Nikafunika turubai, nikaenda nyumbani kutafakari.
Bibi alikuwa sakafuni, juu ya godoro, fagio zimevunjika chini yake. Aliuliza jambo moja tu: kiko wapi.

Alhamisi, 6 Machi
Bibi kaja gereji na mto wake. Nikamweleza kwa kirefu kwamba akikitoa, injini itaanguka. Akasikiliza hadi mwisho. Akafungua mlango wa nyuma wa gari, akajilaza.
"Mjukuu wangu," akasema, "kilipo chuma changu, ndipo kitanda changu."
Gari likayumba. Injini ikashuka upana wa kidole. Bibi akakoroma. Ndipo mwalimu mkuu akaingia, akauliza yule ni nani. Nikamjibu ni uzito wa majaribio.
Spana akarudi na chuma cha gereji. Akaweka jeki na ubao chini ya injini. Akasimamisha miguu ya chuma hicho kwenye ukingo mgumu, akakaza mnyororo, akautikisa. Ndipo akatoa changu. Bibi hakuamka.
"Dada, injini uliipima," akaniambia. "Kinachoibeba hukukipima."
Hana elimu, maskini.

Ijumaa, 7 Machi
Spana kapewa ufunguo. Mimi nimepewa nyundo, ninyooshe bati. Chuma cha Bibi nimemrudishia. Kimepinda, kila akijigeuza anaviringika hadi ukutani, na kila akifika ukutani analitaja jina langu.
Nimejichunguza kutwa nzima, bila kujionea huruma. Kosa nimeliona: chuma kilikuwa kifupi. Geti la gereji lina kirefu zaidi, tena kinene. Jumapili nakitoa. Tuone Spana na ufunguo wake atafungua nini.