Raba za Pikipiki ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Pikipiki ya baba mkwe iko kwangu. Kwa muda tu! Mzee kachoka kuendesha, na Jumapili anakuja kuijaribu. Akiridhika, inakuwa yangu moja kwa moja. Asiporidhika, inakwenda kwa mwanyumba wangu, mume wa dada wa mke wangu, mtu anayepangusa hata kengele ya baiskeli yake. Mungu apishe mbali! Tatizo moja tu. Nikivuta mafuta, nyuma inagonga: ngo! Nikiachia, ngo! Fundi kasema raba za gurudumu la nyuma zimekwisha, zile zinazokaa ndani ya habu, kitovu cha gurudumu, kupokea mshtuko wa mnyororo. Ninunue mpya. Mke wangu naye kasema ninunue mpya. Nikawauliza, kwani raba si raba tu?

Jumanne, 5 Machi
Nimefungua gurudumu mwenyewe, sebuleni, juu ya shuka la zamani. (Kumbe si la zamani.) Raba zimelika mpaka zinacheza. Nikajazia vipande vya tyubu ya baiskeli, nikafunga. Ngo ikawa ngo-ngo. Mwanyumba kapita, kasikiliza, katabasamu, kasema atanisaidia kuiaga. Mnafiki mkubwa! Nilicheka naye cha meno tu, moyoni nafuka moshi.

Alhamisi, 7 Machi
Akili ni mali! Nimepata raba. Nene, laini, za kijani: kandambili kuukuu chini ya kabati la viatu. Hazina mwenyewe. Nimezikata kwa kisu cha jikoni (kimekuwa butu, mke wangu bado hajajua), vipande vikaingia kwenye habu vikakaa kitako. Nikawasha. Kimya! Nimepita mbele ya nyumba ya mwanyumba, nikarudi, nikapita tena. Na honi nimepiga, asije akasema hakuniona.

Jumamosi, 9 Machi
Baba mkwe kapiga simu. Kuna aliyeona kandambili zake za kijani? Alizisahau kwetu. Anazipenda sana, ukanda wake kaufunga mwenyewe kwa waya wa shaba. Jasho jembamba likanitoka! Nikampokonya mke wangu simu, nikasema namshuku mbwa wa jirani. Nilimsema mbwa yule kwa moyo wote, mpaka mzee akaniita mwanangu. Sasa nifungue tena habu? Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumapili, 10 Machi
Mzee kaja na viatu vinavyombana. Mwanyumba naye kaja, eti kusalimia tu. Mzee kapanda, kazunguka mtaa. Kimya, murua! Kashuka, kanipa mkono, kasema kumbe mimi ni mtunzaji. Mwanyumba uso ukamshuka. Raha iliyoje! Ningekomea hapo. Lakini nikamwambia mzee aijaribu na mlimani, tena ampakie mwanyumba na kitambi chake, aone nguvu ya pikipiki.

Wakarudi wanasukuma. Mnyororo umejaa makombo ya kijani. Mzee akainama, akaokota kipande chenye waya wa shaba. Akakitazama, akatazama viatu vyake, akanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwanyumba, ambaye mzee alishamsimulia yote, akauliza kwa sauti kama siku hizi mbwa wa jirani anatengeneza pikipiki.

Mke wangu akaingia chumbani, akatoka na pakiti. Raba mpya! Alizinunua tangu Jumatatu, akawa ananisubiri nizinduke. Kazifunga mwenyewe, baba yake akimshikia gurudumu. Ngo imekwisha. Mzee akamkabidhi ufunguo yeye.

Jumanne, 12 Machi
Mke wangu ananipeleka kazini. Anaendesha vizuri, sina la kusema. Mbwa wa jirani nimempelekea mfupa, yameisha. Nimeapa mbele ya wote kwamba sitagusa tena kitu cha pikipiki ile.

Ila kiti cha nyuma sponji yake imelala kabisa. Kila shimo la njiani nalipokea mimi. Na leo kwa mama mkwe nimeona mto kwenye kochi, wa maua, mnene, laini. Nimeupima kwa kiganja alipokwenda jikoni. Unaenea vizuri kabisa. Tena nimekaa pale muda mrefu, sijaona mtu akiuegemea. Hauna mwenyewe.