Ng'ombe Arobaini wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Baraza leo, hapa kijijini karibu na Kiminini. Afisa wa mifugo, binti aitwaye Jelimo, ametangaza kwamba kaunti haijengi josho la kuogeshea ng'ombe tena kwa kelele za wazee. Itajenga kwa takwimu. Kijiji chenye ng'ombe mia moja kitapata. Nikasimama kupongeza. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na miwili, basi nikawaeleza wenzangu maana ya takwimu. Dakika arobaini tu. Jelimo akaomba, kwa adabu, mwalimu aketi.

Josho hili nalihitaji. Kupe walinimalizia mtamba mwaka jana. Wamebaki wanne. Josho la karibu liko kilomita tisa, na goti langu zima ni moja.

Jumanne, 4 Machi

Nimeteuliwa kuhesabu. Balaa! Huku mtu hataji idadi ya ng'ombe wake. Eti ukiwahesabu kwa sauti wanaanza kufa. Jirani yangu Wachira, ambaye zizi lake linanuka hadi barabarani, alisema ana wawili watatu hivi. Nikamwomba achague. Akachagua wawili. Mmoja akalia nyuma ya nyumba. Halafu wengine sita, kwa pamoja. Wachira akasema hao ni wageni.

Jumla ya kijiji, pamoja na wangu: sitini na mmoja. Najua wanapita mia na ishirini. Lakini kujua si takwimu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata njia. Takwimu zikishindwa kusema ukweli, zinasaidiwa. Nimempigia Hesbon wa Tongaren, kaunti jirani ya Bungoma, mume wa dada yangu Bilha. Alicheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena: shemeji, nakuletea arobaini, wangu na wa majirani, lakini nawe unipe wako wanne, maana Ijumaa Bungoma nao wanahesabu. Nikamweleza kwamba huo unaitwa ushirikiano wa kaunti mbili. Mke wangu Waithera akauliza unaitwaje mkikamatwa.

Alhamisi, 6 Machi

Arobaini walifika asubuhi, wamechoka, tope hadi magotini. Jelimo akaja, akahesabu wote. Mia moja na mmoja! Kila sikio lenye hereni, kile kipande cha plastiki chenye namba, alilielekezea simu. Nikamsifu kwa bidii yake.

Hesbon akaondoka na wake, na wangu wanne nyuma. Gathoni, mkubwa wao, aligeuka kunitazama mara mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Jelimo amerudi. Hereni arobaini zimesema zinatoka Tongaren. Akawafuta arobaini. Akaomba kuwaona wangu. Nikasema wametoka kidogo. Akawafuta wanne. Hamsini na saba! Josho hakuna.

Wachira akanisimamisha mbele ya watu dukani. Ati mwalimu, si ulisema hesabu ni kazi yako?

Ijumaa, 28 Machi

Tongaren wamepata. Walipungukiwa na ng'ombe wanne, na wanne walikuwepo. Josho lao la zamani limekarabatiwa na dawa imetiwa. Wangu, ambao hawakuwa na hereni, wamevalishwa za huko, na sasa hawavuki mpaka wa kaunti bila kibali. Kibali huombwa na mwenye ng'ombe. Takwimu zinasema mwenye ng'ombe ni Hesbon. Na Hesbon anasema, kwa masikitiko, kwamba hawezi kupingana na takwimu.

Alinipigia kunituliza. Shemeji, Gathoni anaoga kila wiki, ngozi inang'aa, na maziwa bana, hata Bilha amenenepa. Waithera alisikia yote. Akaniwekea chai ya strungi, bila tone la maziwa.

Alhamisi, 3 Aprili

Jelimo alipita. Akasema kwa upole: mzee, andika barua ueleze ukweli wote, ng'ombe wako watarudi wiki hii. Nikashukuru. Nikaleta kalamu.

Akiwa mlangoni akaongeza kwamba kaunti sasa inataka idadi ya kuku. Kijiji chenye elfu moja kitapata kituo cha chanjo.

Niliandika mistari miwili ya barua. Kisha nikawaza: mtu aliyekiri mambo ya ng'ombe, nani atamwamini kwa kuku? Nikageuza karatasi na kupiga hesabu nyuma yake. Nimempigia Hesbon. Anaweza kukusanya mia sita, nami nimpelekee wetu kumi na wawili.

Waithera amehamishia kuku wote chumbani na kujifungia nao kwa kufuli. Nimemweleza kupitia mlangoni, taratibu, kwamba safari hii haiwezi kuharibika. Kuku hawavai hereni.