Kilo Saba za Mwangaza

Kazi moja (jumatatu), 18 oktoba 2004

Nimepewa kazi kubwa. Padri Camille anataka parokia inunue projekta, mashine ya kutupa picha ukutani. Tutaonyesha kaseti ya video ya sikukuu kule kijiji cha Fataki, mbele vita haijafika. Mama Domitille, mujane wa kule, alikimbia nayo kifuani, akaacha hata sufuria. Bwana yake marehemu, Guelord, yuko ndani, anabeba musalaba mbele ya maandamano. Picha ingine yake haiko, nyumba iliungua. Mama ameniambia polepole: Papa Katsuva, nataka kuona uso wake mara moja tu, mukubwa. Nimemuahidi mbele ya Mungu.

Tutachagua mashine na Jérôme, mwalimu wa fizikia. Mimi sikuomba Jérôme.

Kazi tatu, 20 oktoba

Josaphat, mufanya biashara, ametoka Aru na mashine mbili, bei moja. Ndogo mupya, kubwa ya zamani. Jérôme akasoma karatasi za mashine. Eti ndogo iko na lumeni elfu mbili, kubwa mia saba. Lumeni ni nini? Eti kipimo cha mwangaza unaotoka. Nani alizihesabu? Eti kiwanda. Kiwanda ndicho kinauza! Tena eti rezolusio, hesabu ya nukta zinazotengeneza picha. Eti kontrasti, tofauti ya weusi na weupe. Josaphat alikuwa anaitikia kila neno. Wawili hawa wanajuana. Mutu hasemi lumeni mara tisa bila kucheka kama hakupanga.

Nilinunua zahabu kwenye machimbo ya Bambu miaka kumi na mbili. Kule muchimbaji akikuapia kwa mama yake, unaitikia vizuri. Kisha unaweka zahabu yake kwenye mizani, na njiti za kiberiti upande wa pili kama kipimo.

Kazi ine, 21 oktoba

Jérôme akiwa darasani, nimepeleka mashine zote mbili sokoni kwa Mama Vahwere, muuza maharagi. Ndogo, kilo mbili na nusu. Kubwa, kilo saba kamili. Mama Vahwere akauliza kama inapika. Nimechukua kubwa. Josaphat alinishukuru kwa mikono miwili. Hapo nilishuku kidogo. Nikasali, shaka ikapita.

Yenga, siku ya misa, 24 oktoba

Usiku hakuna anayetoka, sababu ya bunduki. Basi tumeonyesha saa nane ya muchana, kanisani, madirisha kumi na jua lote la Bunia. Ukutani, picha kama maji ya muchele. Muzee mumoja akauliza kama tutaanza lini. Tulikuwa katikati. Mama Domitille akasogea, akaweka mukono ukutani, mahali alifikiri bwana yake anapita. Nilitamani nchi inimeze.

Jérôme hakunisema. Aliomba wamama wafungue vitenge vya juu, wakafunika madirisha yote. Kisha akasogeza mashine karibu na ukuta. Eti picha ikipungua, mwangaza unakusanyika. Uso ukatoka. Mudogo kama sahani, lakini uso.

Mama Domitille alisema tu: Guelord, umekonda. Akaomba turudishe kaseti nyuma. Tumeirudisha mara sita. Nimelia kama wengine.

Kazi moja, 25 oktoba

Padri ameniambia nimuombe Jérôme musamaha, maana nilipeleka mashine sokoni kwa nyuma yake. Nimeenda. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya nusu saa. Sijafika hata kwenye sehemu ya Mutakatifu Petro, yeye akasema yameisha, ndugu yangu, keti unywe chai.

Yameisha namna gani? Mimi ningechukua wiki mbili kusamehe. Musamaha wa haraka vile unaficha kitu. Kesho napita kwa jirani yake, niulize polepole.