Mawe Yaliyoanguka kwa Mstari

Jumanne, 13 Januari 2026

Nimeonewa! Mjukuu wangu Consolatha kafunga vibao viwili vya kupimia mvua ya mawe. Kimoja uani kwangu, sawa. Cha pili kwa wifi yangu Tekla! Dada wa marehemu mume wangu, mwanamke anayeacha maharage yaungue naye amekaa pembeni ya jiko. Nikauliza kwa nini. Consolatha akasema dhoruba ina kingo, Bibi, inaweza kupiga hapa ikaacha pale. Haya. Lakini ukingo wa Tekla una faida gani kwa taifa?

Kibao chenyewe ni povu gumu jeupe, lile linalokuja na televisheni ndani ya boksi. Kimevikwa karatasi ya kung'aa, kimekalishwa juu ya mguu wa chuma. Jiwe likianguka linaacha kishimo. Consolatha anapima kishimo, anajua jiwe lilikuwa na ukubwa gani. Kwa kazi hiyo kasoma mpaka kavaa miwani. Kakataa wachumba. Radi nusura imchukue kule Ulyankulu. Miaka yote hiyo anafukuza dhoruba kama sisi tunavyofukuza nyani shambani. Anataka mkulima wa Ipole aambiwe mapema kwamba mawe yanakuja, aokoe tumbaku yake.

Sasa profesa wake, Octavian, anakuja Jumamosi kukagua. Vibao vikiwa vitupu, kazi yote inahamia Goweko. Na Consolatha anahama nayo. Chumba changu cha uani kibaki na panya.

Haendi mtu Goweko. Nimeshasema.

Jumatano, 14 Januari

Kibao laini kama kipaji cha uso wa mtoto mchanga. Mchana limekuja wingu jeusi, nikalifurahia, likageuka likaenda zake Sikonge. Nimelitukana mpaka limepotea.

Nikaenda kwa katekista Anselm. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba mbio mbio. Nikamwomba jioni kwenye jumuiya tusali mvua ya mawe ije. Akavua kofia. Akaniuliza kama naumwa. Akanikumbusha kijiji kizima kina tumbaku shambani, yeye ana tumbaku, na mimi nina tumbaku. Nikamwambia tuombe kidogo tu, ya kuanguka uani kwangu. Akasema Mungu si bomba la kufunguliwa uani kwa mtu.

Hana imani yule. Watu hawajui tu.

Alhamisi, 15 Januari

Consolatha kaenda Tabora mjini kumpokea profesa. Uwanja mweupe!

Nikachukua mwiko. Nikageuza, nikatumia ncha ya mpini. Nikabonyeza kibao. Kishimo safi! Nikabonyeza kingine. Sikufanya ovyo. Mimi nimelima tumbaku tangu mabinti wa leo hawajazaliwa, na marehemu alikuwa hataki kuona mche umekaa upande. Basi nikaweka mstari, nafasi sawa, mstari mwingine, nafasi sawa. Nilipomaliza nikarudi nyuma kuangalia. Shamba la mfano!

Tekla akachungulia juu ya ua. Akaniamkia Kinyamwezi, mwangaluka, wifi, unapika nini humo juu? Nikamwambia mvua ya mawe imepiga kwangu. Akatazama anga. Jua linawaka, kuku wamelala kivulini. Akasema mbona kwake halijaanguka hata tone. Nikamjibu dhoruba ina kingo, muulize mwenye elimu.

Leo nimelala mchana kama bwana harusi.

Ijumaa, 16 Januari

Consolatha karudi. Kamwacha profesa nyumba ya wageni. Kaenda moja kwa moja kwenye kibao. Kakaa kimya. Huyu mtoto akikaa kimya mimi hutafuta kuni za kwenda kuokota.

Akaniuliza Bibi, mawe yameanguka saa ngapi? Nikasema mchana. Akaniuliza yalipofika yalipanga foleni? Yalipimiwa kamba? Nikamwambia mawe ya siku hizi yana nidhamu kuliko vijana.

Sikutegemea alie. Akalia, amekaa kwenye kinu changu kilicholala chini. Kasema profesa akiona kitu kile, atadhani yeye ndiye mghushi, na kila dhoruba aliyowahi kuipima itaonekana ya uongo. Hakuna atakayemwamini tena. Kazi yote itakuwa jivu.

Nikasema ila ilikuwa mistari mizuri. Akacheka huku analia. Akasema mke mwenzangu, utaniua. Ndivyo tunavyoitana, maana marehemu alikuwa akimwita mke wake mdogo.

Kakichoma kibao changu nyuma ya choo, kafunga kipya. Kaniapisha nisikipige tena na mwiko, wala na kitu chochote. Nikaapa. Kukipiga, sikipigi.

Jumamosi, 17 Januari

Profesa Octavian kaja. Mtu mwembamba, mstaarabu, anakula kama mtu aliyetoka kifungoni. Nimemchinjia jogoo. Kavitazama vibao, vitupu vyote viwili. Kaanza kusema habari za Goweko, kwa sauti ya pole ile ya kutangaza msiba. Consolatha kainamisha kichwa.

Hapo hapo giza. Upepo. Bati likalia ko! Kisha ko ko ko! Mawe! Mawe kama mayai ya njiwa, yanaruka uani! Consolatha kapiga kigelegele, mtaalamu mzima. Profesa katoa simu apige picha. Wamekumbatiana mlangoni kama watu waliopata mtoto.

Na mimi nikafanya kile mama yangu alichonifundisha. Mvua ikija, mwanamke aliyelelewa anaanua. Haachi kitu nje. Nikajifunika beseni kichwani, nikatoka. Nikaanua nguo. Nikaanua michembe, viazi vyangu nilivyovikausha kwa siku zote hizo za jua. Consolatha alikuwa anapiga kelele, sikusikia, beseni linalia kama ngoma ya harusi. Nikaanua na kibao. Nikaingia nacho ndani, nikakifuta kwa khanga, nikakiweka mapajani kwa profesa.

Nikamwambia mzee, kimepona. Hakijaguswa hata na jiwe moja!

Hakuna aliyenipa asante.

Mvua ilipokatika tukaenda kwa Tekla. Alikuwa amelala! Nguo zake matopeni. Michembe yake inaelea. Na kibao chake kiko palepale alipokiacha, kimechakaa kwa vishimo, vikubwa, vidogo, huku na kule, bila mpango wowote. Profesa kakishika kwa mikono miwili kama padri na kikombe. Kamwambia Tekla amefanya kazi kubwa. Tekla akasema baba, mimi nilisahau tu.

Kusahau! Kunasifiwa kusahau!

Jumapili, 18 Januari

Nimeenda shamba kabla ya ibada. Tumbaku yangu imebaki vijiti. Majani yamechanika kama khanga ya mwehu. Nimesimama tu.

Consolatha kaja nyuma yangu. Kaokota jani, kalinyoosha kiganjani. Kisha kasema Bibi, ni kwa ajili ya hili. Ningekuwa nimeshazijua dhoruba hizi, ningekwambia jana asubuhi, tungevuna walau yale ya chini. Nikamwambia basi jifunze upesi, mimi si wa kungoja. Akaniegemea begani. Mzito, yule mtoto.

Habari nzuri: kazi inabaki Ipole. Hakuna Goweko.

Habari mbaya: mtambo mkubwa, ule mlingoti wa kupimia upepo, unafungwa kwa Tekla. Profesa kasema pale ndipo dhoruba inapoachwa ifanye kazi yake. Kanisani wanamwita Tekla mama wa sayansi. Anselm kamwombea kwa jina. Sala ya mawe alikataa, ya Tekla anaiweza!

Jumanne, 20 Januari

Consolatha kanirudishia kibao. Ameona ninavyonuna. Kasema kaa nacho, Bibi, nakuamini, ila mawe yakija usikianue. Nikaapa. Sikianui.

Kaenda kwa Tekla kusimamisha mlingoti. Nasikia kicheko chao mpaka huku. Wifi anacheka kwa sauti ili nisikie.

Nimekaa nikawaza vizuri, bila hasira. Nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Mstari! Mawe hayana mkulima. Kibao cha Tekla nimekitazama kwa makini, vishimo vyake vimekwenda kama mahindi unayowamwagia kuku.

Kuku nimelisha maisha yangu yote.

Mwiko niliapa. Mchi ulioko mkononi nao umo kwenye kiapo, lakini sikipigi nao kibao. Nitauachia tu, uanguke wenyewe. Anga limefunga kule upande wa Sikonge. Likifika hapa na mawe, vizuri. Lisipofika, mimi nipo.