M na K za Mzee Bukuru

Leo nimeaibika mbele ya Kitahana nzima. Wenye midomo, nisikilizeni kwanza.

Mnajua ofisini kwetu Kasulu mimi nachora majengo kwenye kompyuta. Siyo picha tu. Jengo zima: milango, mabomba, hadi soketi. Halafu naliwekea namba za mpimaji wa ardhi ili lijue likae wapi duniani. (Kazi tamu, usipokuwa mimi.)

Safari hii ni zahanati ya kijiji cha Kitahana. Bosi kaniambia, "Nenda kapige vigingi mwenyewe. Ikienda sawa, jengo la Kakonko nakuachia." Miaka miwili nabebea watu mikoba, kwa hiyo Kakonko niliitaka mno.

Mpimaji wetu ni Mzee Bukuru. Daftarini kaandika kwa mkono: kona ya jengo, kutoka kwenye bikoni, mita 38 M, mita 22 K. Bikoni ni lile zege dogo la alama. Ningempigia simu kumuuliza? Ya nini, na mimi nimesoma! Nikawaza: sisi tuko kusini mwa ikweta, basi K ni Kusini. Kigoma iko magharibi mwa nchi, basi M ni Magharibi. Nikaingiza kwenye kompyuta, nikajipongeza kwa chai na chapati mbili.

Leo asubuhi nimefika, wanakijiji wako tayari na majembe. Mwenyekiti wa kijiji akanipokea, "Karibu, mtaalamu." Mtaalamu! Kichwa kikavimba. Nikatoa kishikwambi, nikaanzia kwenye bikoni. Kigingi cha kwanza, kwenye migomba. Cha pili, kwenye maharage. Watu wananifuata kimya. Cha tatu kikaangukia jikoni kwa Mama Devota, aliyekuwa anasonga ugali wa muhogo.

"Shikamoo mama. Samahani, chumba cha kujifungulia kinakuja hapa."

Akakitazama kigingi, akanitazama mimi. "Mwanangu, humu nimejifungulia watoto sita. Serikali inataka na wa saba?"

Watu wakacheka. Mimi nikajibu (Mungu anisamehe), "Mama, kompyuta haikosei."

Akaweka mwiko chini. "Kwa hiyo mnanihamisha?"

Sauti yake ilibadilika, na roho iliniuma kweli. Ila Kakonko nayo nilikuwa naiona hiyo inakuja. Nikajikaza: "Tutaongea na ofisi, mama."

Mara bodaboda ikafunga breki. Mzee Bukuru huyo!

"Binti, unafanya nini jikoni kwa watu?"

"Shikamoo mzee. Napiga vigingi."

"Marahaba. Vigingi vya nini? Kiwanja si kile kule?"

Nikageuka. Ng'ambo ya bikoni, nyuma yangu muda wote, kuna eneo limefyekwa safi kabisa. Nilipofika nililiona. Nilidhani ni uwanja wa mpira.

"Mbona hamkusema?" nikamgeukia mwenyekiti.

"Tuliona. Tukajua wataalamu mmebadilisha."

Mzee Bukuru akafungua daftari lake mbele ya umati. "Hii M ulisoma nini?"

"Magharibi," nikasema, sauti ya mtoto aliyekojoa kitandani.

"Na K?"

"Kusini."

"Mashariki! Kaskazini!"

"Yemwe! Jamani!" Mama Devota akapiga makofi. Alicheka hadi akakaa chini, ugali ukaungua, akasema nao ni wangu, nitaula. (Nimeula. Wote.)

Tukang'oa vigingi, tukavipiga upya kwenye kiwanja. Hapo hapo bosi akapiga simu. "Vipi, imeenda sawa?" Mzee Bukuru akanikonyeza ninyamaze. Nikashindwa, nikaropoka yote, pamoja na ikweta. Nikajua Kakonko imekwenda.

"Kakonko utaenda," bosi akasema. "Ila unaenda na Mzee Bukuru, na mtaandika maneno kwa kirefu."

Nilitaka kulia kwa furaha. Nikaaga haraka, nikadandia bodaboda. Mwenyekiti akaniita, kijiji kizima kinasikia: "Mtaalamu! Hebu tuambie, Kasulu iko upande gani?"

Jamani, ni kusini magharibi. Nendeni mkaangalie ramani. Lakini leo ningemwambia nani akaniamini?